Kipya Kinyemi: Kufuata Fuksia Kutoka Kent Hadi Cornwall

Kijiji cha Horsmonden, katika jimbo la Kent kusini mashariki mwa Uingereza, hakifikiki tena kwa treni. Reli yake ilifungwa mwaka 1961, kwa hiyo msafiri kutoka London hushuka Paddock Wood na kumalizia kwa basi, kati ya mashamba ya matofaa na majengo ya zamani ya kukaushia hopsi. Niliowauliza njia walinihurumia. Horsmonden kuna nini? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, maana nilichokifuata ni tukio la bustanini lililopita zaidi ya miaka 180.

Mchungaji Marriott wa hapo alikuwa na mtunza bustani aitwaye Gulliver. Katika miche ya fuksia aliyoiotesha Gulliver ukatokea mmoja usiofanana na wenzake. Karibu fuksia zote walizozijua Waingereza wakati ule zilikuwa na sepali nyekundu. Huu ulitoa sepali nyeupe, na ndani yake petali ndogo za zambarau. Cripps, mwuza miche wa Tunbridge Wells, akauingiza sokoni mwaka 1842 kwa jina la 'Venus Victrix', na fuksia nyingi zenye weupe tunazoziona leo zina nasaba na mche ule. Mche wenyewe ni goigoi. Hukua kwa kusitasita na hufa kwa sababu ndogo, lakini wapo wanaoutunza hadi leo kwa heshima tu.

Kwa msomaji ambaye hajaiona fuksia: ua lake hutazama chini. Juu lina kijibomba, kisha sepali nne zinazojikunja kwenda juu, kisha petali, mara nyingi za rangi nyingine, na mwisho stameni ndefu zinazoning'inia. Mwanamke wa Tanga akiliona atasema ni vipuli, na atakuwa amesema yote. Harufu hakuna. Kwao asilia, hasa milima ya Amerika ya Kusini na ya Kati, wachavushaji ni ndege wavumaji, na ndege hafuati harufu. Hufuata rangi nyekundu na nekta. Mtu wa kwanza kuipa jina hilo alikuwa mtawa Mfaransa, Charles Plumier, aliyeikuta katika kisiwa ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, akaitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1703. Aliipa jina la Leonhart Fuchs, tabibu na mwanabotania wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1566 bila kuwahi kuiona hata picha yake. Nadhani ni heshima ya ajabu kupewa ua usilolijua, na huna namna ya kulikataa.

Nililala Kent kwa sababu ya kitalu kimoja ambacho mwenyewe, bibi mwenye mikono iliyokauka kwa udongo na sauti ya mwalimu mstaafu, huzalisha aina mpya. Aina mpya ndizo zilizonivuta. Kila mwaka orodha za wauza miche hutangaza fuksia mpya za bustani, za vikapu vya kuning'inia na za mashindano, juu ya maelfu ya aina zilizokwisha kupewa majina. Nilitaka kujua hizo mpya zinatafuta nini ambacho za zamani hazikukipata.

Bibi hakunipa jibu. Alinipa kibano na ua ambalo halijafunguka. "Toa stameni zote nane kabla hazijaiva," akaniambia, "la sivyo litajichavusha lenyewe, nawe utajisifu kwa kazi usiyoifanya." Baada ya hapo huchukua chavua ya mzazi mwingine, huipaka kwenye ncha ya pistili, hulivika ua kifuko chepesi nyuki wasiingie, na kufunga uzi wenye karatasi ya majina ya wazazi. Tunda likiiva huwa karibu jeusi, laini, na linalika. Lina utamu hafifu wenye upilipili kidogo kwa mbali. Analiponda juu ya karatasi ya jikoni, anachagua mbegu, anazipanda. Hapo ndipo bahati nasibu inapoanza, kwa sababu fuksia za bustani ni chotara wa machotara, na kila mbegu hutoka na sura yake. Mbegu za tunda moja zinaweza kuzaa mche mfupi, mche mrefu, mche usiotoa maua kabisa, na mche unaofanana kabisa na aina iliyouzwa tangu zamani za bibi yake. Huo wa mwisho ndio unaomkera zaidi.

Mche ukimpendeza, hauzidishi tena kwa mbegu. Unakatwa vipandikizi, na kuanzia hapo kila mmea wenye jina hilo ni kipande cha mmea uleule wa kwanza. Yeye huukalia miaka kadhaa kabla ya kuutangaza, aone kama tabia yake inadumu. Mara nyingine, aliniambia, kazi yote hiyo inapitwa na tawi moja lililoamua kubadilika lenyewe. 'Tom Thumb', fuksia fupi iliyotoka Ufaransa mwaka 1850, ilikaa zaidi ya karne moja na maua yake mekundu na zambarau, kisha ikatoa tawi lenye maua ya petali nyeupe. Tawi hilo likakatwa, likaota, na tangu mwaka 1966 linaitwa 'Lady Thumb'. Aliyelikata hakuchavusha chochote. Alikuwa na macho tu.

Meza zake zilikuwa tatu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba zinabishana. Ya kwanza ilikuwa ya fuksia za ardhini. Hizi huulizwa swali moja: ukipita msimu wa baridi, utarudi? Mababu zake wengi ni *Fuchsia magellanica*, mmea wa Chile na Argentina uliozoea upepo wa ncha ya kusini ya bara lile. Katika sehemu baridi za Uingereza mashina hukauka kabisa jalidi ikianza, mgeni akadhani mmea umekufa, kisha majira ya kuchipua huota upya kutoka chini ya udongo. Ndiyo maana hupandwa kwa kina zaidi ya ulivyokuwa kwenye chungu. Maua yake kwa kawaida ni madogo, na bibi haoni aibu kwa hilo. 'Hawkshead', nyeupe yenye kijani kidogo kwenye ncha, ni ya mwaka 1962 na bado anaiuza kuliko mpya zake nyingi.

Meza ya pili ilikuwa ya vikapu, na hapo mambo yote yaligeuka. Kikapu kinataka mashina dhaifu. Shina linaloinama kwa uzito wa maua, ambalo kwenye bustani lingekuwa kilema, hapa ndilo sifa. Maua makubwa yenye petali nyingi, mengine mazito hata kuyashika mkononi unahisi, ni urithi wa California. Ukungu wa bahari kule San Francisco uliwapa wazalishaji hali ya hewa ambayo fuksia inaipenda, na katika miaka ya 1940 na 1950 walitoa aina ambazo mpaka leo zinatawala vibaraza vya Waingereza. 'Swingtime', nyekundu yenye petali nyeupe tele, ni ya mwaka 1950. Nilipoitazama niliona kitu kilichopikwa kupita kiasi. Bibi alinitazama akacheka. "Hiyo ndiyo inayolipa bili ya umeme," alisema.

Na rangi? Fuksia ya bluu halisi hakuna. Ya manjano kamili hakuna pia, ingawa *Fuchsia procumbens* ya New Zealand, mmea unaotambaa chini na kutazamisha maua yake juu kinyume na ndugu zake, ina kijibomba cha manjano, na wazalishaji wamehangaika nayo sana. Waholanzi ndio waliokwenda mbali zaidi katika kazi hii ya kuchanganya spishi za porini. Herman de Graaff alitoa 'Space Shuttle' mwaka 1981, yenye wekundu unaoishia kwenye umanjano mpauko, na Waholanzi hao wakafuata njia nyingine hadi kufika rangi ya biringanya na ile tunayoiita damu ya mzee. Hizi za biringanya zilinishika. Hazipigi kelele. Ukizitazama kivulini unaona weusi, ukizigeuza juani unaona divai.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga wetu, na kwenye kitalu kile nilianza kuwaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Mpya nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa nzuri kwa namna ileile. Pinki yenye nyeupe, nyeupe yenye pinki, pinki yenye mawimbi pembeni. Nyingine zilipewa majina ya wake na wajukuu, na nadhani hapo ndipo penye sababu ya kuwepo kwake. Sikumwambia bibi.

Meza ya tatu alinikataza kuigusa. Ilikuwa ya mashindano.

Maonyesho yenyewe yalikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kijiji kingine, wa aina ile yenye jukwaa dogo, stoo ya viti na dirisha la jikoni linalouza chai na keki. Nilifika mapema nikakuta magari yakishusha vyungu vilivyozibwa pembeni kwa magazeti na mifuko visitikisike. Hakuna aliyesalimia kabla ya kumaliza kushusha. Wengi walikuwa wazee, wanaume zaidi ya nilivyotarajia, na mmoja alikuwa na brashi ya kuchorea aliyotumia kufagia chavua iliyodondoka juu ya majani.

Sheria ni kali kuliko za mpira. Ua lenye petali nne ni la mkunjo mmoja, tano hadi saba ni nusu, nane na kuendelea ni la mikunjo miwili, na ukiliingiza katika daraja lisilo lake unaondolewa bila mjadala. Chungu kina kipimo. Sentimita 13 ndicho nilichokiona zaidi. Jaji huuzunguka mmea, maana lazima uwe sawa pande zote, kisha huinama kutafuta majani yaliyoliwa, tunda lililosahaulika, ua lililochoka. Kikapu huangaliwa kikiwa kimening'inizwa, na ukingo wake usionekane kabisa kwa majani na maua. Ukubwa wa ua hauhesabiwi kuwa sifa yenyewe. Ua linatakiwa liwe la aina yake, kwa idadi, na safi.

Jinsi mmea unavyofikishwa hapo ni hesabu ya kurudi nyuma. Mkulima huanza na tarehe ya maonyesho. Kila shina likitoa jozi mbili au tatu za majani hukatwa ncha kwa kucha, likagawanyika mara mbili. Yale mawili hukatwa tena, yakawa manne, na hivyo hivyo hadi chungu kinajaa vijitawi. Kisha unaacha. Kuanzia siku uliyokata mara ya mwisho, fuksia ya petali nne huhitaji wiki kama nane kufunguka, zile nzito huhitaji kumi hadi kumi na mbili. Ukikosea wiki moja, unaleta ukumbini machipukizi, au unaleta maua yaliyozeeka. Wengine huikata mimea yao kwa zamu tofauti ili angalau mmoja uangukie siku yenyewe. Mzee wa brashi alinieleza kwamba mwezi Julai hasafiri, haalikwi harusi, wala haumwi.

Nilipouliza kwa nini aina mpya ni chache mezani wakati orodha zimejaa, alishangaa swali. Jaji anaijua 'Celia Smedley' tangu miaka ya sabini, anajua inavyopaswa kuwa. Mpya lazima imfundishe jaji kwanza. Zaidi ya hapo, mpya nyingi huzalishwa ziwe kwenye kikapu chenye mchanganyiko, zionekane kwa mbali, na kwa mbali hakuna anayehesabu petali. Kwa mashindano zinazofaa ni zile zenye viungo vifupi kati ya jani na jani, zinazotii kucha na kutoa maua yote kwa pamoja. Utii ndio wanaoutafuta. Nikaelewa kwa nini meza tatu za bibi zinabishana: ya bustani inataka mmea mkaidi, ya kikapu inataka mlegevu, ya mashindano inataka mtiifu, na hakuna mbegu iliyowahi kuota na tabia hizo tatu kwa pamoja.

Mzee aliniuliza nimetoka wapi. Nilisema Tanzania, kisha, kwa kuwa aliendelea kunitazama, Tanga. Uso ukamchanua. "Tanga ya urujuani wa Usambara?" Mkewe, kumbe, alikuwa akishindana kwa maua hayo. Akanisimulia habari za Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, aliyepeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akaipa mimea hiyo jina la *Saintpaulia*, na leo kuna maelfu ya aina kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, zenye vyama vyake na majaji wake. Nilimsikiliza mpaka mwisho ingawa nimekulia Lushoto, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara. Nilichomwongezea ni kwamba msituni kwetu kuna spishi zake zilizobaki kwenye miamba michache tu, na kwamba mtu wa Amani akiona aina yenye maua ya pinki yaliyokunjamana hataamini kwamba ni ndugu. Alitafakari, akasema hata Mchile ataipita 'Swingtime' bila kuisalimu. Kikapu chake kilipata nafasi ya pili. Hakuongea nami tena baada ya matokeo.

Kutoka Kent nilikwenda Reading kwa mdogo wangu, ambaye anaishi mwendo wa miguu kutoka chuo kikuu cha mji huo. Kampasi yake inaitwa Whiteknights, na mtu anayezijua fuksia hawezi kulisoma jina hilo getini bila kukumbuka 'Whiteknights Pearl' na ndugu zake, kazi ya John Wright, aliyekuwa akichanganya spishi za porini wakati wengi wanachanganya chotara na chotara. Mdogo wangu amepita getini hapo kila siku bila kujua. Alinipa pilau na kunikumbusha kwamba treni ya Cornwall inasimama Reading, kwa hiyo sina haja ya kurudi London.

Cornwall ni pembe ya kusini magharibi kabisa, na kwa miaka mingi ilikuwa pepo ya fuksia. Bahari huzuia jalidi kali, hivyo mashina hayafi, na mmea ambao Kent unafika kiunoni huku uliachwa ukawa michongoma mirefu kando ya barabara. Nilikuwa na picha za zamani mkononi. Nilichokikuta kwenye bustani moja karibu na Penzance, wazi kwa wageni kwa kiingilio kidogo, kilikuwa michongoma yenye ncha zilizovimba. Majani machanga yalikuwa yamejikunyata yakawa mabonge mekundu yenye manyoya, na mahali pa maua palikuwa na nyama tu, uvimbe usio na umbo.

Ni utitiri. Jina lake la kisayansi ni *Aculops fuchsiae*, na una urefu wa robo ya milimita, hivyo mwenye bustani huona kidonda bila kumwona aliyekifanya. Ulielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Brazil mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifika California, kwenye ukungu uleule uliozaa zile fuksia nzito za vikapu, na ukazimaliza bustani nyingi. Mwaka 2003 ulionekana Brittany, Ufaransa, miaka mitatu baadaye visiwa vya Mfereji wa Uingereza, na mwaka 2007 Uingereza bara. Hubebwa na upepo na nyuki. Lakini kuruka bahari kuu hauwezi wenyewe. Kwa safari ndefu husafiri ndani ya vipandikizi, mifukoni mwa wapenzi wa aina mpya.

Mtunza bustani, kijana mwenye lafudhi nzito niliyemwelewa nusu, alisema dawa za kumsaidia mwenye bustani ya kawaida hakuna. Unakata kila kilichovimba, unachoma au unafukia chini kabisa, na wadudu wanarudi. Yeye amechoka kukata. Alinipeleka nyuma ya ukuta ambako aliotesha mbadala: fuksia za kundi la *Fuchsia microphylla* na *Fuchsia thymifolia*, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, zenye majani kama ukucha wa mtoto mchanga na maua madogo karibu kama punje ya mchele. Utitiri hauzidhuru. Kwenye maonyesho nilikuwa nimezipita bila kusimama. Hapa zilikuwa vichaka hadi kifuani, zimejaa nyuki, na chotara wake wapya alikuwa amewapanga kwa majaribio, kila mmoja na kibao chenye tarehe za kukaguliwa. Alichokuwa anatafuta hakikuwa rangi wala ukubwa. Alikagua ncha kwa lensi, akaandika "safi," akahamia mwingine.

Hapo nilibadili mawazo yangu kuhusu aina mpya. Miongoni mwa fuksia zote nilizoonyeshwa kuanzia Kent, hizi ndizo zilikuwa na sababu ya kuzaliwa leo badala ya mwaka 1950. Nyingine kuna wanaojaribu kuzizalisha zivumilie joto, jambo ambalo fuksia za kawaida haziliwezi. Joto likipita nyuzi 30 hudondosha maua, na ndiyo maana Lushoto niliziona utotoni kwenye bustani za misheni, chozi wakizinyonya, lakini Tanga mjini sijawahi kuziona. Hiyo nayo ni kazi yenye maana. Pinki yenye mawimbi inaweza kusubiri.

Kijana alinipa vipandikizi vitatu kwenye chupa ya maji. Nilitamani kuvipeleka nyumbani, lakini kuingiza mimea Tanzania kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mmea, na baada ya kuyaona mabonge yale sikuona sababu ya kutafuta njia ya mkato. Viliishia Reading. Kimoja kilinyauka ndani ya treni. Viwili niliviotesha kwenye vikombe vya mtindi, na vilipopata mizizi mdogo wangu alivihamishia kwenye chungu kikubwa, akanitumia picha.

"Dada, hili ua liko wapi?" aliandika.

Nilimjibu akuze picha, upande wa kushoto, chini ya jani la tatu. Na asubiri majira ya kuchipua ndipo avipande ardhini, avifukie kwa kina kuliko vilivyo sasa, na mashina yakikauka baada ya baridi ya kwanza asiyakate mpaka Aprili.